Leo nimesema nilichosikia

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, mtaa wetu wote wa Kadutu ni matope. Nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya tena.

Kaka yangu Deo anampiga mke wake, Furaha.

Chumba changu na nyumba yao vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Nasikia kiti kikianguka, nasikia watoto wakinyamaza ghafla. Mwaka jana jirani alimwita shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa. Shefu akaniuliza mimi. Nikasema Furaha aliteleza kwenye ngazi.

Nyumba yao haina ngazi. Shefu aliliona hilo, na akaandika hivyo hivyo.

Nilimfichia Deo siri kwa sababu nampenda. Ndiye aliyenibeba mgongoni hadi dispensari nilipougua malaria utotoni. Lakini Jumapili alimvunja Furaha mkono. Mama yetu akaufunga kwa kitambaa, akasema mambo ya nyumba hayatoki nje. Furaha hakulia. Alinitazama tu, na nilishindwa kumtazama.

Leo Deo alipoenda kazini nikaingia kwa Furaha.

"Tuende hospitali, kisha polisi," nikamwambia.

"Yaya, dada yangu, nani ataniamini? Hata wewe ulisema nilianguka."

"Nilidanganya. Leo nitasema."

Hospitali walimfunga plasta, wakampa karatasi ya kuonyesha polisi. Kwa polisi, afisa wa zamu hakushika hata kalamu. "Ni mambo ya bibi na bwana, maman. Muende muongee mu famille, mu jamaa yenu."

"Mimi ndiyo famille," nikasema. "Niko dada ya ule mwanaume. Nilisikia yote. Andika."

Akaandika. Kesho Deo ameitwa polisi.

Furaha na watoto wamekwenda kwa mama yake, kijijini Miti. Hakunishukuru, na sikustahili shukrani. Sijui kama atarudi, wala kama Deo ataniita dada tena.

Niliporudi, mama alikuwa anachambua maharage. Nilisubiri anilaani. Akasema bila kuinua kichwa:

"Baba yenu alinipiga myaka yote. Mimi, nani alinisemea?"

Sikuwahi kujua. Au nilijua, kama nilivyojifanya sijui ya Furaha.

Niliketi kando yake, nikachukua maharage kiganja kimoja. Kesho, Deo akishajibu maswali ya polisi, nitamwomba mama anisimulie yake. Yote, hata kama itachukua siku nzima.