Nguzo za hema

Kaka, leo mjinga ni mimi. Nakuandikia kwa mkono mmoja, nimesimama, usicheke kwanza.

Tumepanda mlima saa nne nzima na watoto. Wingu jeusi hilo linakuja. Nafungua hema: turubai lipo, nguzo hazipo!

Hazipo, kaka! Asubuhi niliona begi zito, nikatoa "vyuma visivyo na kazi", nikaviacha kwenye gari. Mimi mwenyewe!

Mke wangu kanipa mgongo. Hasira zake unazijua.

Matone yakaanza, mtoto mdogo analia kwa baridi, na mimi bado nabisha: "Kwani lazima hema lisimame? Tutajifunika tu!"

Binti yangu wa miaka sita akanipima kuanzia viatu hadi kofia.

"Baba, wewe si mrefu? Ingia katikati, usimame mpaka asubuhi."