Mkono wa Kulia wa Ogola

Ofisi ya Ustawi wa Wafanyakazi,
Shamba la Chai la Kapmorgut,
Kericho.
Jumapili, 9 Juni 1996.

Mpendwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe pamoja na Mama. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba goti lako limetulia tangu mvua ya Mei ipungue. Je, yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Nilipoondoka, Mama alikuwa akimchungulia kila asubuhi kama mkunga. Mimi sijambo, ila baridi ya huku juu imeniachia kikohozi. Chelimo, nesi wa zahanati yetu, amenipa dawa na kuniambia kwamba mapafu yangu ni mazima, kinachokohoa ni wasiwasi.

Kabla sijaendelea nakuomba jambo moja. Soma barua hii mpaka kwenye sahihi yangu kabla ya kuvua miwani. Nakujua, Baba. Ukivua miwani, mazungumzo yamekwisha.

Kazi inaendelea vizuri. Bado mimi ndiye ninayeshika funguo za holi, televisheni ya wafanyakazi, na mipira miwili ambayo haina upepo. Meneja msaidizi hanifokei siku hizi, ingawa moyo bado unanidunda akisimama mlangoni, hata akiwa amekuja kuuliza saa tu. Umeniambia mara nyingi kwamba mtu aliyesoma mpaka chuo hapaswi kutetemeka mbele ya mtu mwenye cheti kama chake. Najitahidi.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, televisheni itaonyesha filamu ya maisha ya mzee Ogola, yule mpiga kinanda wa bendi ya Radi Sita. Najua jina hilo halisemwi nyumbani kwetu, lakini nivumilie, maana huku halina mpinzani. Wachumaji wanalitaja mashambani, madereva wanalitaja kwenye mizani ya majani chai, na hata wazee wa hapa, wenye mashamba yao ya chai ng'ambo ya mto, wamekuja kuniuliza kama holi itawatosha. Wengi wao walimsikia walipokuwa vijana, wakati muziki wa roki ulipovuma nchini na bendi hiyo ikazunguka hadi Kericho na Kisumu. Wanasema wenye magitaa walipiga kelele, lakini Ogola ndiye aliyekifanya kinanda cha umeme kilie kama mtu. Walimwita Kumi, kwa sababu ya vidole vyake.

Imeundwa kamati, kama kawaida yetu. Mwenyekiti ni Nicholas, fundi wa boila ya kiwandani, ambaye ana kanda moja ya Radi Sita iliyochakaa hata sasa inaimba kama mtu aliyefunikwa blanketi. Ukimwambia kwamba huenda umeme utapotea siku hiyo, anakujibu kwamba boila ni yake na stima haitathubutu. Ukimwambia kwamba pengine filamu itaahirishwa, anakuuliza kama wewe ni mtabiri au ni adui. Sijawahi kuona watu wenye uhakika kama hawa. Wamekwisha kuosha madirisha ya holi na kupandisha eriali juu ya mkaratusi, mahali ambapo hata kunguru huogopa.

Tatizo lilikuwa moja tu, na nilijua utaliuliza. Filamu inaanza saa kumi na mbili na robo jioni, na siku hiyo ni Sabato, na jua litakuwa bado halijazama. Nusu ya mashabiki ni Wasabato kama sisi. Kamati ilikaa jioni nzima juu ya jambo hilo. Nicholas alipendekeza televisheni ifunikwe kitambaa mpaka jua lizame. Kiptanui, dereva wa lori la majani chai, aliruka na kusema kwamba yeye ni wa kanisa la Inland, macho yake hushika Jumapili, na hakuna kitambaa kitakachoyabatiza upya. Nicholas akamwambia basi macho yake yatazame na masikio yake yangoje. Kiptanui akasema kama shida ni jua, yeye atapanda kilimani alisukume kidogo, kwani jua la Wasabato na la Wakipsigis ni lile lile. Watu walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Mwishowe tulikubaliana. Wasabato watafungia Sabato nje, chini ya mkaratusi, kwa wimbo na sala, na wenzetu watatazama ndani kwa sauti ya chini. Baada ya amina tutaingia, na Kiptanui atatueleza kwa kifupi yaliyopita. Nicholas anasema maelezo ya Kiptanui yatakuwa marefu kuliko filamu.

Baba, sasa nikueleze mimi niliingiaje.

Mwezi wa Machi alikuja mama mmoja kutoka Nairobi, anaitwa Joan, na kamera na vijana wawili wa kubeba nyaya. Yeye ndiye anayeitengeneza filamu hiyo. Mzee Ogola siku hizi anaishi Chepilat na mke wake, mama Bilhah, lakini kwao hakuna stima, kwa hiyo wakaomba kutumia holi yetu. Kwa sababu funguo ni zangu, ilibidi nikae nao siku zote walizokuwa hapa. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba mtu huyu ni mtu wa kuepukwa, nami nilitarajia kuona mlevi. Nikaona mzee mwembamba, mpole, amevaa koti la kijivu, ambaye kwanza aliuliza choo kiko wapi na pili akauliza kama nimekunywa chai.

Tena niliona jambo ambalo mashabiki hawakuwa wakilijua. Mwaka jana alipata kiharusi. Ameshapona mguu na ulimi, lakini mkono wa kulia umekataa. Unalala mapajani kama mgeni aliyesinzia. Nicholas alipoarifiwa alisema kwamba Kumi amebaki Tano, na waliokuja na kumi wote bado hawamfikii. Mzee Ogola alicheka sana. Akasema hilo liingie kwenye filamu.

Joan alitaka apige wimbo mmoja mzima. Mzee akauliza kama kuna mtu hapo anayejua kinanda hata kidogo, wa kumsaidia upande wa kulia. Watu wote walitazama viatu vyao. Mimi nilijifunza nyimbo za kanisa kule chuoni, Baba. Hukuniuliza, nami sikusema. Sijui nani aliinua mkono wangu, maana si mimi. Nilikaa naye kwenye benchi moja, yeye akapiga kushoto, mimi kulia, nikitetemeka hata benchi likawa linaitikia. Kwenye filamu sitaonekana, isipokuwa kiwiko na sweta langu la buluu, kwa hiyo usihofu kwa hilo.

Tulipomaliza aliniuliza nani alinifundisha kuinua kidole kidogo kabla ya kugeuza noti. Nikasema hakuna, mkono wangu unafanya hivyo wenyewe. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikalitaja jina lako. Akamwambia Joan awashe kamera tena.

Baba, aliyoyasema nitayaandika kama nilivyoyasikia, bila kuongeza.

Alisema alizaliwa katika laini, zile nyumba za wafanyakazi, za shamba hili hili, na kwamba kanisani kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho wamisionari walikiacha. Kijana mmoja tu ndiye aliyejua kukipiga, naye alikuwa Kepher, karani wa mizani, yaani wewe, kabla hujahamia Sotik. Alisema Kepher alimfundisha kwa njia ambayo hajaiona penginepo. Alimwambia mtoto aweke mkono wake juu ya mkono wa mwalimu, auache ubebwe, mpaka vidole vijue njia vyenyewe. Alisema mambo ya mkono wa kushoto aliyapata Nairobi, katika vilabu, kwa watu wa roki. Lakini wa kulia, katika kila wimbo ambao watu waliupenda, ulikuwa mkono wa Kepher. Watu walipolipa kumsikia Ogola, nusu walimsikia mzee wa kanisa bila kujua.

Halafu akasimulia siku aliyorudi nyumbani akiwa na jina kubwa. Ilikuwa Sabato mchana. Vijana walimsihi apige, akakaa kwenye kile kinanda, akapiga wimbo wa kanisa kwa mwendo wa roki, na vijana wakapiga makofi. Baraza la kanisa likakaa. Sabato iliyofuata jina lake likasomwa mbele ya watu, kwamba amefutwa ushirika, na aliyelisoma ni wewe. Joan akamwuliza kama ana kinyongo. Alisema hana. Alisema alikuwa amesimama dirishani, nje, na alikuona ukimaliza kusoma, ukaenda ukakifunga kifuniko cha kinanda, na tangu siku hiyo hakusikia mtu akisema kwamba Kepher amekigusa tena. Akasema, "Alinifuta mimi, kisha akajifuta mwenyewe. Mimi nilipata pa kwenda. Yeye sijui."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya holi. Nilikumbuka jinsi vidole vyako vinavyotembea juu ya jalada la Biblia mahubiri yakirefuka. Sisi watoto tulidhani ni mishipa. Hatukujua kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na mpiga kinanda.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya niandike. Joan si mtu mbaya. Alinifuata pale nje, akaniambia anaona kwamba maneno yale yanaweza kukuumiza, wewe ukiwa mzee wa kanisa anayeheshimiwa Sotik nzima. Akasema anaweza kuyakata, filamu itasimama hata bila jina lako. Nikamwambia nitakuuliza. Akanipa mpaka mwisho wa Aprili. Nilikuja nyumbani Pasaka kwa ajili hiyo. Tulikula, tuliomba, ulinisindikiza mpaka stendi, na neno halikunitoka. Mwisho wa Aprili nilipiga simu ya ofisi, huku nikiuchungulia mlango wa meneja msaidizi, nikamwambia Joan asikate chochote.

Sikukuuliza, Baba. Nilijua ungesema hapana, nami sikutaka kuisikia hiyo hapana. Ni mimi niliyeamua jina lako lisemwe mbele ya nchi nzima kama mwalimu wa mtu uliyemfuta. Si Joan, wala si mzee Ogola, ambaye aliniambia mara mbili kwamba niseme tu nao watakata. Kama kuna wa kukemewa, ni mimi, na nitakuja nyumbani kukemewa wakati wowote utakaoniita. Lakini sitasema kwamba najuta, kwa sababu ungeijua sauti yangu ikidanganya. Nimeogopa watu wengi bila sababu maisha yangu yote. Jambo hili moja nililiogopa kwa sababu, na nikalifanya.

Nimeandika sasa ili ulipate kwangu kabla hujalipata sokoni Sotik. Pia nimemwuliza Joan filamu imepangwaje. Mambo ya utotoni mwake katika laini ndiyo ya kwanza, na hayo yatapita jua likiwa bado liko. Jina lako linakuja baadaye, giza likiwa limeshaingia na Sabato imefungwa. Kwa hiyo kwa jirani yako mwenye televisheni unaweza kufika baada ya sala, bila kuvunja chochote. Ukikataa kwenda, iwe ni kwa sababu yako mwenyewe. Jua lisisingiziwe.

Kuna ombi la mwisho, nalo si langu. Jumapili asubuhi, siku inayofuata, mzee Ogola atakuja hapa kuwapigia mashabiki wake wimbo mmoja wa kuwashukuru. Kamati iliniomba nikae naye upande wa kulia. Nilikubali, tukafanya mazoezi juzi. Alinivumilia mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba ninapiga kama karani, kila noti naithibitisha kabla ya kuipitisha. Halafu akaniuliza kama Kepher bado ana vidole.

Nilimwambia unavyo.

Kiptanui anapeleka lori Sotik Jumapili hiyo asubuhi na mapema, na atarudi tupu. Atasimama mbele ya lango letu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai ya Mama. Hatapiga honi wala hatakuuliza swali, nimemwonya. Ukitoka, atakufungulia mlango wa mbele. Usipotoka, atashukuru kwa chai na kuondoka, na mtu mwingine hapa hatajua kwamba uliitwa. Mimi nimeshawaambia kamati kwamba siku hiyo nitakaa kwenye viti pamoja na watu wengine. Mzee Ogola anajua. Amesema usipokuja atapiga kushoto peke yake, na ataacha nafasi ya kulia kimya, watu waisikie.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie sweta linafaa sana. Wasalimie wote wa kanisani wanaoniulizia, hata wale watakaoacha kuniulizia baada ya tarehe ishirini na mbili. Mungu awalinde katika baridi hii.

Ni mimi, mwanao anayekuheshimu na ambaye leo mkono wake hautetemeki,

Christabel Adoyo.