Kigingi cha Ghalani

Migori, 14 Septemba 1997

Kwa Mniko, mume wangu mdogo usiyeandika,

Homa Bay wanasemaje? Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti ni langu. Kaka yako Wangwe mzima pia, anamaliza sufuria peke yake. Wewe mkono unauma? Miezi miwili hakuna barua! Mimi niliyejifunza kuandika gumbaru, darasa la watu wazima, na mvi kichwani, naandika. Wewe uliyesomea kupima ardhi umenyamaza.

Sasa sikiliza. Huo mgodi wenu wa dhahabu umenichosha. Kila Ijumaa anakuja Elkanah na darubini yake ya miguu mitatu, anachungulia vile vigingi vinne vya chuma mlivyopanda kwangu. Salamu zake za haraka haraka. Anaandika, anaenda. Eti anaangalia kama ardhi inazama. Wangwe anasema njia wanayochimba imeshafika chini ya shamba langu la wimbi. Na kisima: kamba ilikuwa pima tisa, sasa ni kumi na moja. Maji yangu yanaenda wapi?

Nyanya yako


Homa Bay, 28 Septemba 1997

Nyanya mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na goti pia, hata kama si langu. Nisamehe kwa kunyamaza. Vipimo vyote vya Elkanah huletwa kwangu ofisini nivichore kwenye ramani, na siku hizi ni vingi. Maji yanaongezeka mgodini. Pampu mbili zimeshindwa, wameweka ya tatu. Naogopa ndiyo maji yako.

Vigingi vitatu vya shambani vimeshuka. Kile cha karibu na ghala hakijashuka hata kidogo tangu Julai. Kwa hiyo injinia ameamua njia igeuzwe, ipite chini ya ghala, penye ardhi imara. Wangwe yuko katika kundi litakalochimba hapo. Ramani niliichora mimi.

Niandikie urefu wa kamba kila Jumapili. Na usifunge mbuzi kwenye vigingi.

Mjukuu wako


Migori, 19 Oktoba 1997

Mniko,

Bado tunapumua, asante. Mvua imenyesha wiki nzima, barabara imekuwa mto, lakini kamba sasa ni pima kumi na nne. Mvua juu, kisima kikavu! Nielezee hiyo, mura, kijana wangu, wewe na ramani yako.

Mbuzi usinifundishe. Hicho cha ghalani unachosifu, unafikiri kimesimama chenyewe? Ni mimi. Tangu Septemba ianze, kila Alhamisi nafagia boma, nakikuta kimezama upana wa vidole viwili. Nakitingisha, nakivuta, natia kokoto chini, napigilia mpaka kichwa kilingane na jiwe la mlangoni mwa nyumba yangu. Mara saba sasa. Hivyo vya shambani viko mbali na goti langu. Lakini hapa ndani, Elkanah hataandika kwamba boma la mke wa babu yako Nchagwa linazama. Watu watasema nini?

Nyanya yako


Homa Bay, 23 Oktoba 1997

Nyanya,

Salamu nitazileta mwenyewe. Barua hii anakuja nayo dereva wa ofisi. Usikiguse tena kigingi. Ghala liko juu ya ardhi inayozama, vidole kumi na vinne, na mimi niliandika sifuri. Nimempa injinia barua yako. Ameisoma mara mbili, amesimamisha kazi upande huo, lakini amri itachelewa kwa hizi mvua. Wangwe asishuke. Mshike hata kwa fimbo. Toa nafaka ghalani leo.

Mjukuu wako


Migori, 7 Desemba 1997

Mniko,

Daraja lilikatika, ndiyo maana umekaa bila habari. Tuko wazima. Soma hapo tena kabla hujaendelea.

Wangwe alinikasirikia. "Nyanya, wenzangu watanicheka, nimezuiwa kazi na kikongwe!" Nikamwekea kigoda na gunia la mahindi, nikamwambia apukuchue akiwa amekasirika, vidole havijali. Siku ya tatu wenzake nao wakapandishwa juu, amri imefika. Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, ghala likakaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta kiti. Halafu likapotea. Kisima kikafuata. Wanasema maji yamejaza njia yote mpaka kwenye pampu. Ndani hakukuwa na mtu.

Wangwe alishikilia gunzi mkononi muda mrefu. Hajanicheka tangu siku hiyo.

Elkanah alikuja, akaniamkia vizuri mara ya kwanza. Akauliza, "Mama, kigingi kiko wapi?" Nikamwambia, "Kiko chini, shuka ukakipime."

Wewe ramani yako ilikosea kwa sababu ya mikono yangu. Nimesema mara moja, usinidai nirudie.

Elkanah amepanda kingine karibu na jiwe la mlangoni mwangu. Alhamisi nimefagia, nimekikuta kimeshuka upana wa ukucha. Mikono iliniwasha. Nikaikalia.

Andika ukucha mmoja. Halafu mtafute pa kuweka kitanda changu.

Nyanya yako