Siku Kumi na Moja za Vumbi

Jumatatu, 4 Machi

Nimefuta kioo saa 12:08. Vumbi jingi.

Binti yangu aliponinunulia daftari hili alisema, Baba, andika, utapunguza kuongea peke yako. Haya. Sasa naongea peke yangu kwa kalamu.

Niandike basi mambo yalivyo, ingawa hakuna wa kusoma. Miaka ishirini na saba nimesoma mita za umeme za watu, nyumba kwa nyumba. Nimefukuzwa na mbwa, nimeitwa mwizi, nimekaribishwa chai na wajane watatu (nilikunywa ya wawili). Nikastaafu. Kampuni ya umeme wa jua ikanichukua niangalie mita moja tu — ya jua lenyewe! Iko ndani ya uzio katikati ya uwanda, juu ya nguzo, kibakuli cha kioo kilichofunikwa kifudifudi, ukubwa wa nusu chungwa. Inapima jua linaloshuka hapa na kutuma namba makao makuu. Namba za mwaka mzima zikiwaridhisha wawekezaji, uwanda huu utajaa paneli mpaka macho yachoke. Zisipowaridhisha watakwenda ng'ambo ya vilima, ambako nako kuna mita kama hii na mzee mwingine wa kuifuta. Sijawahi kumwona. Namchukia kidogo.

Kazi yangu ni kufuta kioo kila asubuhi jua linapochomoza, kitambaa laini na maji safi, halafu kuandika saa kwenye daftari la kituo. Vumbi likikaa kwenye kioo, mita inadhani jua limepungua. Basi. Dakika sita. Halafu inabaki siku nzima.

Chumba kina kitanda, jiko la gesi, viti viwili. Cha pili nakiwekea nguo.

Jumatano, 6 Machi

Kioo saa 12:05. Nimekwenda dukani njia panda kununua sabuni. Sabuni ninayo. Nilitaka kusikia mtu.

Mwenye duka tunamwita Waziri kwa sababu hakuna jambo asilolitolea tamko. Amejenga vyumba sita nyuma ya duka, vya kupangisha mafundi wa paneli watakapokuja. Ameshapaka rangi. Amenunua na friza, imekaa pale kona imefunikwa shuka kama bibi harusi, umeme wenyewe haujafika. Akaniuliza, Mzee wa Jua, namba zinasemaje? Nikamwambia mimi nafuta tu, namba ziko kwa wakubwa. Hakuniamini. Anadhani nina siri ya serikali.

Jumamosi, 9 Machi

12:10. Nimempigia mke wangu. Ameongea dakika mbili, mjukuu analia, nitakupigia. Hajapiga.

Aliondoka Julai kwenda kumsaidia binti aliyejifungua. Wiki tatu, alisema. Mtoto sasa anatambaa. Hatujagombana, afadhali tungegombana! Mtu ukigombana naye kuna siku ya kupatana.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamua. Kesho nikishafuta kioo napanda basi la mjini. Siku tatu tu, nikamchukue mke wangu. Sikuomba ruhusa, maana wangeuliza sababu. Niseme nini — nakwenda kumbembeleza mke, na mvi hizi?

Nimeshajaza daftari la kituo. Tarehe 12 saa 12:07, tarehe 13 saa 12:04, tarehe 14 saa 12:11, mojawapo kwa kalamu nyeusi, zisionekane zimeandikwa siku moja. Hii nilijifunza zamani. Geti likiwa limefungwa, au mbwa kafunguliwa, msoma mita hakai kusubiri. Anaangalia namba ya mwezi uliopita, anakisia, anaandika, anaondoka. Sote tulifanya hivyo. Mwezi ujao mita inajirekebisha yenyewe, hakuna aliyekufa. Siri ni kutoandika namba zinazofanana.

Jumamosi, 23 Machi

Kioo saa 12:03. Kitambaa kimetoka chekundu, kama nimefuta kiatu.

Siku tatu zimekuwa kumi na moja. Nilifika bila taarifa, nikadhani atafurahi. Alifungua mlango, mjukuu mgongoni, akasema, Karibu, mbona hukusema? Karibu! Kama mgeni. Jioni nikatandikiwa godoro sebuleni, chumbani analala yeye na binti na mtoto. Kila asubuhi nilizinduka saa kumi na mbili kasoro, sina cha kufuta. Nikawa nafuta televisheni.

Siku ya tatu nikasema, kesho naondoka. Akasema, haya. Nikasubiri aseme kaa. Hakusema. Nikakaa.

Siku ya mwisho tulikuwa tunaanika nguo za mtoto, ndipo akanieleza bila hasira. Kule nirudi nikafanye nini, mume wangu? Kuhesabu mawe? Maji ya ndoo, taa ya betri, jirani yuko kilomita tatu. Wakikujengea nyumba ya maana nitakuja. Si kwamba sikutaki, nimechoka kuwa peke yangu na wewe upo.

Hilo la mwisho nimelibeba ndani ya basi kwa saa tisa nzima.

Jana jioni nikajaza siku nane zilizobaki, 15 mpaka 22. Bluu, nyeusi, bluu, bluu. Mkono haukusita hata kidogo. Zoezi la miaka ishirini na saba!

Jumapili, 24 Machi

12:06. Waziri aliponiona alifoka. Ulikuwa wapi? Nilikuja siku mbili, nimegonga geti mpaka mkono umeuma, nikajua umefia ndani! Nikamwambia nilikuwa naumwa, sikuweza kuamka. Akanipa limau tatu, akakataa malipo.

Mtu alikuja kunigongea geti. Siku mbili! Na mimi sikuwepo. Nimekaa na hizo limau mezani, nimejisikia vibaya na vizuri kwa pamoja.

Alhamisi, 28 Machi

12:04. Habari! Habari!

Injinia amepiga kutoka makao makuu. Ni msichana wa umri wa binti yangu, mpole, hakosi shikamoo. Kasema mpaka mwisho wa Februari uwanda wetu unaongoza, kwa kidogo sana lakini unaongoza. Mkataba wangu unaisha Juni, ila mradi ukijengwa hapa amenipendekeza niwe msimamizi wa usafi wa paneli, na nyumba ndani ya eneo, umeme na maji ya bomba. Kasema katika vituo vyote hajaona daftari safi kama langu.

Nikampigia mke wangu hapohapo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, ina friji?

Nimecheka peke yangu mpaka nikatoka nje, kuta zisinione.

Ijumaa, 5 Aprili

Kioo 12:05.

Injinia amepiga tena. Sauti siyo ile. Namba za Machi zimeanguka. Kuanzia tarehe 12 zinashuka kila siku kidogo, ngazi kwa ngazi, tarehe 23 zinaruka juu ghafla. Mtaalamu wa benki inayokopesha mradi anasema huo ni ukungu wa vumbi wa msimu, maana daftari linaonyesha kioo kilifutwa kila siku. Na kama ni wa msimu utakuja kila mwaka kwa miaka yote ya mradi. Kwa hesabu hiyo uwanda wa ng'ambo ya vilima unatupita.

Akaniuliza, mzee, uliona ukungu?

Nikasema, vumbi lilikuwepo.

Vumbi lilikuwepo! Mzee mzima.

Jumatatu, 8 Aprili

12:09.

Mita za watu zilikuwa zinajirekebisha mwezi unaofuata. Hii hairekebishiki. Jua la tarehe 12 halitapita tena ili nilipime. Nimewaza hili siku tatu kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uleule.

Waziri amesikia tetesi, sijui kwa nani. Nimemkuta amekaa juu ya friza yake. Hakutoa tamko lolote. Akasema tu, Mzee wa Jua, wewe ulikuwepo siku hizo, waambie basi jua lilikuwepo. Nikasema nitawaambia. Kisha akakumbuka nilikuwa mgonjwa, akaniuliza kama limau zilisaidia.

Yeye pekee ndiye anayejua sikufungua geti. Hajaunganisha mambo. Hata kuwaza kwamba naweza kudanganya hakumjii.

Jumatano, 10 Aprili

12:05.

Mke wangu amepiga mwenyewe! Anakuja Jumapili. Kasema hawezi kusubiri mpaka nyumba ijengwe, mtoto sasa ana yaya, na binti amemwambia baba amekonda. Ana mabegi mawili na sufuria zake. Nikaibana simu kifuani. Akasema, haloo? haloo? akadhani mtandao. Nikasema nipo, nipo, njoo.

Sasa nipige hesabu yangu bila kujidanganya. Nikisema ukweli, zile siku kumi na moja zinafutwa, uwanda unarudi kuongoza, Waziri anapata wapangaji wake, na unga wangu umemwagika siku hiyohiyo. Nyumba haipo, kazi haipo, chumba hiki cha kampuni nakirudisha. Mke wangu anashuka kwenye basi Jumapili ananikuta barabarani na godoro. Nikinyamaza, ninayo kazi mpaka Juni. Mradi unakwenda ng'ambo ya vilima na hakuna atakayejua kwa nini. Lakini napata miezi miwili na nusu ya mtu anayekohoa chumba kimoja na mimi.

Naona aibu jinsi miezi hiyo miwili na nusu ilivyo tamu.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo kioo kimefutwa saa 12:06, si kwa mkono wangu. Injinia alifika kiza hakijaisha, alilala mji wa jirani. Shikamoo mzee, naomba nione unavyofanya. Nikamwonyesha, maji kwanza, kitambaa baadaye, usisugue. Akasema niachie nijaribu. Akakifuta taratibu kama uso wa mtoto aliyelala. Mimi nimeshika ndoo. Ni mara ya kwanza tangu nije hapa kufanya kazi hii na mtu pembeni. Nilitaka isiishe.

Kisha tukaingia chumbani. Alibaki amesimama, sikuwa na akili ya kumpa kiti. Ameeleza. Benki wanataka daftari lithibitishwe. Kuanzia tarehe 11 mpaka 22, nisaini upya pembeni ya kila siku mbele yake, halafu suala linafungwa. Akatoa na karatasi, picha za setilaiti za siku zilezile. Mbingu angavu, hakuna ukungu. Akasema, Mzee, picha zinasema mbingu safi, daftari linasema kioo kisafi, sasa vumbi lilikuwa wapi? Hakuniuliza kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, kama mwanafunzi. Kasema kwenye kikao yeye ndiye aliyesimama akasema mzee wa pale haandiki asichokiona.

Simu yake ikaita, ametoka kuongea garini. Ameniachia kalamu.

Nimesaini tarehe 11. Hiyo ni ya kweli, nilifuta, ndipo nikapanda basi. Kalamu iko kwenye tarehe 12. Saa 12:07, nimeandika pale. Saa 12:07 siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni ya binti yangu na kitambaa.

Nimefungua daftari hili langu niangalie. Jumapili tarehe 10, halafu Jumamosi tarehe 23. Katikati sikuandika hata neno. Ningempa hili asome, asingehitaji picha za setilaiti.

Simu yangu imelia. Ujumbe, mke wangu. Dirisha la hapo lina upana gani? Niko sokoni, nachagua pazia.

Nimepima kwa shibiri. Tano na nusu. Nimeandika jibu, sijalituma.

Moyo unadunda kama natongoza. Siku zote nimekisia milango ya watu iliyofungwa, leo mlango uko wazi, mtu yuko nje, na yeye ndiye atakayeingia kunisoma mimi. Waziri na vyumba vyake vilivyopakwa rangi. Mabegi mawili na sufuria. Mungu wangu, mbona sikuomba ruhusa siku tatu tu!

Mlango wa gari umefungwa. Anarudi — nasikia viatu vyake kwenye kokoto. Nimebandika maji ya chai. Nimetoa nguo zangu kwenye kiti cha pili, nimezitupa kitandani. Kiti kina vumbi. Nakifuta.