Dawa Bado Inafanya Kazi

Nyumbani,
Jumapili, 10 Agosti

Mpendwa dada,

Hujambo? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Kile kifua chako kimepona? Sisi huku tu wazima, na leo neno hilo naliandika kwa mbwembwe.

Najua umesikia kuwa Mama aliugua kuhara na kutapika. Usishtuke, sasa anakula na kugomba kama kawaida. Hofu yetu kubwa ilikuwa kichanga wetu, maana chumba cha Mama na chetu unavijua, ni kama pua na mdomo.

Basi wifi yako, ambaye kazi yake ni kufua mashuka ya hospitali, akavaa glovu. Mimi nikakimbilia chupa ya klorini nimwagie matapishi.

“Sabuni kwanza,” akasema. “Klorini ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu zote zinaishia hapo. Vijidudu vinabaki vinakucheka.”

Akazoa, akaosha kwa sabuni, kisha akachanganya klorini na maji baridi. Kimbelembele changu nikachukua dawa ya choo, ile yenye asidi, nitie ndooni iwe kali zaidi. Akanidaka mkono.

“Unataka kutuzika? Hizo mbili zikikutana zinatoa hewa ya sumu! Nenda kafungue madirisha.”

Akapaka dawa ile ya klorini sakafuni, kwenye vitasa, mpaka kwenye kamba ya kuvutia maji chooni. Nikashika tambara nikaushe.

“Acha! Dawa bado inafanya kazi. Inavunja ganda la kijidudu. Ikae dakika kumi ndipo usuuze.”

Nikasimama kama mlinzi wa benki, nalinda sakafu iliyolowa.

Alifanya hivyo kila siku, akitoka kazini mgongo unamuuma, mpaka Mama akainuka. Mtoto hakuguswa na ugonjwa. Wala mimi.

Na unajua kabla ya hapo Mama hakuwahi kumruhusu wifi yako hata amtandikie kitanda. Juzi muuguzi alikuja kumpima, akauliza, “Huyu anayekutunza vizuri hivi ni mkwe wako?”

“Ni mwanangu,” Mama akajibu.

Nikaruka, “Na mimi je?”

“Wewe ni mume wake.”

Dada, sijawahi kufurahia kunyang’anywa mama kiasi hicho. Nikatoka nje nikasingizia kuanika ndoo.

Mama anakusalimu, na wifi yako pia. Msalimie shemeji, uwabusu wapwa zangu. Mungu awafunike nyote kwa afya.

Mdogo wako akupendaye sana,
Mume wa binti wa Mama