Ukurasa Nilioupiga Pasi

Mjukuu wangu,

Chai iko kwenye chupa. Maharage nimeshayachambua. ~~Usipike, nitapika nikirudi.~~ Nimekata hapo. Pika wewe, mgongo leo umegoma. Mimi napeleka sare kwa mwalimu mkuu.

Ule ukurasa ulioukunjakunja asubuhi nimeutoa kwenye pipa, nikaupiga pasi. Urudishe kwenye kazi yako ya uchumi, uipeleke chuoni kabla ya saa nane. Ulisema mwenyewe mhadhiri wenu hapokei kazi iliyochelewa.

Najua uliutupa kwa sababu ulinikuta nausoma. Nasoma polepole, darasa la nne si mchezo, lakini nilifika mwisho. Umeandika kwamba fundi cherehani huyu, yaani mimi, akijilipa saa zake zote, biashara yake ni hasara. Iliniuma, sikufichi. Miaka mitatu nakushonea ada, halafu wanakufundisha kuniita hasara! Nikanyamaza, ukadhani nimekasirika, ukajifungia chumbani kulia. Nimegonga, hukufungua. Mama wee, kunyamaza kwenyewe nilikuwa narudia hesabu zako kichwani.

Hesabu ni sahihi, usibadilishe kitu kwa kunionea huruma. Ila kuna kosa moja. Umeandika nashona saa sita kwa siku. Hizo ni zile unazoniona. Cherehani naianza saa kumi alfajiri, wewe ukiwa umelala.

Andika tisa.

Bibi yako