Wananipa Kitanda Ili Ninyamaze

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni msusi, nina binti mmoja anayeuza simu dukani, na kwa muda mrefu sasa chakula kimekuwa adui yake, akila anajifungia bafuni kujitapisha, asipokula anasema ameshiba kazini, mpaka akaanguka mbele ya wateja na bosi wake akanipigia nikamchukue. Nikampeleka hospitali, daktari akamtazama juu mpaka chini akasema, "Mama, huyu mbona ana mwili mzuri tu, wagonjwa wa namna hii huwa mifupa mitupu, mrudishe akikonda zaidi," yaani nimwache mwanangu azidi kuumwa ndipo astahili kutibiwa! Siku ile binti hakutia kitu mdomoni.

Nilipoyasimulia hayo saluni, mteja mmoja akaanza kulia huku namsuka, kumbe mwanawe wa kiume naye walimrudisha nyumbani hospitali ileile, eti ugonjwa huo ni wa wasichana, basi tukatafutana wazazi wenye shida hiyo, tukaandika mabango, na asubuhi tunasimama kwenye geti la hospitali tukidai watoto wetu watibiwe bila kuangaliwa unene wala jinsia. Juzi mganga mkuu kaniita ofisini peke yangu, kanikaribisha chai, kasema, "Kitanda cha binti yako kipo. Ila hayo mabango, mama, yaishe." Mume wangu naye ananiambia, "Chukua kitanda, funga mdomo, watoto wa watu wana wazazi wao," na mimi yule mama mwenzangu aliyelia saluni nashindwa hata kumtazama usoni. Nifanye nini?

Msusi niliyebanwa

Dada msusi, pole sana, na pole zaidi kwa binti. Barua yako imenichemsha damu. Tangu lini mgonjwa akapimwa kwa macho kama nyanya sokoni?

Kitanda kichukue, tena upesi. Mtu anayeanguka kazini hawezi kungoja sisi tumalize kubishana. Ahadi ya kunyamaza usiitoe, kwa sababu matibabu ni haki ya binti yako na mganga mkuu hampi zawadi. Halafu muulize: kitanda hicho kilikuwa wapi siku mlipofukuzwa? Safari hii usiende peke yako. Nenda na mumeo na huyo mama mwenzako, mganga mkuu ayarudie maneno yake mbele yao tuone kama ulimi hautamwia mzito. Akithubutu kuwanyima, wapelekeeni malalamiko wakubwa wake, na waandishi wa habari wapo.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeniandikia alivyosema daktari, mganga mkuu, mumeo, mpaka mteja wako. Binti kasemaje? Ni mtu mzima, ana kazi yake, na sijaona mahali ulipomuuliza kama anataka ugonjwa wake utangazwe getini. Keti naye leo, bila sahani mezani na bila neno lolote kuhusu mwili wake, umsikilize mpaka amalize. Akisema habari zake zisitajwe, usizitaje. Madai yenu yatasimama bila hizo, maana mlioonewa ni wengi.

Mumeo mwambie hivi: watoto wote wangetibiwa tangu mwanzo, mngekuwa nyumbani mnakunywa chai yenu. Mlaze mtoto, mwache mikononi mwa wauguzi, kisha rudi getini ukapige kelele kuliko jana.